Nimelipa kiongozi wa mlima anipitishe kwenye vilele vya theluji Cairngorms, Scotland, haya ndo niliyoyakuta

Shemeji yangu anaishi Edinburgh, nilipomwambia nimelipa pauni 85 ili mtu anitembeze siku moja mlimani kwenye theluji akanyamaza kidogo kwenye simu halafu akaniuliza, shem, kwani mlima una geti? Hauna. Scotland hakuna geti wala ada wala kibali, sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita milimani ilimradi aheshimu mazingira na watu wengine, kwa hiyo hiyo pauni 85 yote ni ya mtu na kichwa chake. Ndo maana nataka niandike kwa kirefu, maana wengi wetu tulioko Uingereza tunaona picha za hiyo milima wakati wa baridi tunatamani, halafu tunabaki na maswali mawili, niende mwenyewe au nilipe, na nikilipa napata nini hasa.

Jina la kampuni siliandiki. Nasimulia huduma ilivyokuwa, uzuri wake na palipopwaya.

Njia tuliyopita ni ule mzunguko wa kaskazini mwa Cairngorms, unaanzia parking ya Coire Cas karibu mita 630 hivi, unapanda Cairn Gorm yenyewe mita 1,245, unashuka kidogo, unafuata ukingo wa bonde la Coire an t-Sneachda mpaka kilele cha Stob Coire an t-Sneachda mita 1,176, unashuka tena, unapanda Cairn Lochan mita 1,215, halafu unarudi kwa mgongo wa magharibi mpaka parking. Kama kilomita 12. Sasa najua kuna mtu ashaanza kusema mita 1,245 ni nini, Nairobi mjini tu iko juu kuliko hapo. Ni kweli kabisa. Ila hapa uko nyuzi 57 kaskazini, juu kule hakuna mti, uwanda mzima uko wazi na upepo unapita bila kuzuiwa na chochote, kilele hichohicho cha Cairn Gorm ndo kilipimwa upepo wa maili 173 kwa saa tarehe 20 Machi 1986, yaani kilomita 278 kwa saa, rekodi ya Uingereza mpaka leo. Kwa hiyo ule urefu usikudanganye, nilidanganyika mimi nikaja na jozi moja tu ya glovu za sufu, nitaeleza.

Nianze na kubuku. Kubuku ni rahisi, unalipa mtandaoni, unapata barua pepe. Na hapa ndo lawama yangu ya kwanza na kubwa. Ile barua ilisema vaa nguo za joto, lete chakula, kramponi (yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) na shoka la barafu unaweza kukodi mjini. Basi. Haikuniuliza navaa buti gani, haikusema kwamba kramponi zinatofautiana. Nikaenda duka moja la kukodisha vifaa nikasema nipeni buti za baridi na kramponi, jamaa wa kaunta akanipa buti, akanipa kramponi, nikalipa, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi pale parking kiongozi wetu, mama wa makamo hivi, mwembamba, sauti ya chini, kabla hata hajatusalimia vizuri akasema kila mtu avue buti moja ampe. Akaishika buti yangu kisigino na kidole akaikunja kama mtu anayepima unga wa chapati, akaigeuza akaangalia kisigino, akasema hii na hizo kramponi zako haziendani. Akanielewesha hivi. Buti za mlima zinapangwa kwa ugumu wa soli, B1, B2 na B3, na zile laini za kutembelea kiangazi wanaziita B0. Kramponi nazo zinapangwa C1, C2, C3. Namba ya kramponi isizidi namba ya buti. Zangu zilikuwa buti B1 na kramponi C2, na C2 nyuma zina klipu inayobana kwenye kijiukingo kigumu cha kisigino, buti yangu haina hicho kijiukingo kabisa. Maana yake ingekaa vizuri pale parking, ingekaa vizuri nusu saa, halafu kwenye mteremko mkali ikivuta upande ingechomoka mguuni. Nilisikia baridi ya aina nyingine tumboni. Akafungua buti ya gari akatoa kramponi C1 za mikanda, akazirekebisha kwa buti zangu, akanifanya nivae na kuvua mara tatu nikiwa na glovu mkononi, kwa sababu kule juu ukivua glovu ili ufunge mkanda vidole vinakufa ganzi ndani ya dakika.

Kwa hilo peke yake ile hela nimeshaisamehe. Lakini fikiria ofisi ingeandika mistari miwili tu kwenye ile barua, kodi buti B1 na kramponi C1, isingefika huko. Kiongozi alikuwa na jozi moja tu ya akiba, na tulikuwa watu watano. Angekosea mwingine na yeye je?

Hali ya hewa alitueleza palepale juu ya boneti ya gari. Scotland kuna huduma ya taarifa za maporomoko ya theluji, SAIS, wakati wa baridi inatoa utabiri kila siku kwa maeneo sita, hapa tuko Northern Cairngorms, wana ngazi moja mpaka tano za hatari na mchoro wa duara unaoonyesha hatari iko miteremko inayotazama upande gani na kuanzia urefu gani. Siku hiyo ilikuwa ngazi ya tatu kwenye miteremko inayotazama kaskazini na mashariki kuanzia mita 900. Akatuuliza kwa nini kaskazini mashariki, tukakodoa macho. Jibu lake ni kwamba siku mbili zote upepo umetoka kusini magharibi, umefagia theluji ya uwanda wote na kuimwaga upande wa pili wa ukingo, kule inalala kama ubao mgumu juu ya tabaka laini, haijashikana na iliyo chini yake, mtu mmoja akikanyaga katikati ubao mzima unakatika. Na mingi inakatika kwenye miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45, yaani haswa ile ambayo mtu anaiona inapandika. Kwa hiyo akasema pale kati ya Stob Coire an t-Sneachda na Cairn Lochan kuna njia ya mkato inaitwa Goat Track, inashuka ndani ya bonde la Sneachda, leo hatuigusi hata mkichoka vipi. Alisema kabla hatujaanza. Hilo nalipenda sana kwa kiongozi, uamuzi mgumu anautoa chini watu wakiwa na joto na akili zao, sio juu kila mtu anatetemeka anataka kurudi kwa njia fupi.

Mafunzo sasa. Tulipanda kama saa moja kwa mgongo mmoja mrefu, theluji inafika kwenye vifundo vya miguu, sehemu nyingine imeganda, akatupeleka kwenye mteremko mfupi ambao chini yake ni tambarare, hakuna jiwe, ukiteleza unasimama mwenyewe. Hapo tukakaa saa nzima na nusu. Kwanza kutembea bila kramponi kabisa, unapiga ukingo wa buti kwenye theluji unakata kingazi, unahamisha uzito, unapiga tena, shoka liko mkono wa upande wa mlima siku zote na ukigeuka kona unahamisha mkono kwanza ndo unageuka. Mi nilidhani shoka ni la kupigia barafu kama kwenye picha. Kumbe kwa mtembeaji kama mimi ni fimbo kwanza, halafu ni breki.

Breki ndo tuliyoifanyia mazoezi mpaka tukalowa. Unajiachia unateleza kwa makalio, unajigeuza kifudifudi, shoka linakatiza kifuani, ule upande mpana uko karibu na bega, mkono mwingine umefunika ncha ya chini isikuchome tumboni, unalalia shoka kwa uzito wote mpaka lichimbe. Halafu akatutelezesha kichwa mbele. Halafu kichwa mbele chali. Hii ya mwisho inaogopesha, unaona mbingu tu na theluji inakupita masikioni, unachomeka shoka pembeni mwili unazunguka wenyewe miguu inakuja chini halafu ndo unalala juu yake. Mazoezi yote haya alitukataza kuvaa kramponi, na akasema ukiteleza kweli umezivaa inua miguu juu, yale meno yakinasa wakati unakwenda kasi yanakupindua au yanakuvunja kifundo. Nilirudia mara nyingi sana, dada mmoja kwenye kundi alirudia kuliko mimi, na kila mara yule mama anashuka mwenyewe anatuonyesha, hachoki wala hatuharakishi. Lakini pia alisema kitu kikanikaa, kwamba hii breki inafanya kazi sekunde mbili za kwanza, ukishashika kasi kwenye barafu ngumu hausimami, kwa hiyo kazi kubwa ni ile hatua, usianguke.

Kramponi tulivaa tulipofika kwenye barafu, sio mapema, sio tumechelewa, alichagua sehemu tambarare kabla ya mteremko. Unatembea miguu imeachana kidogo kama umepanda baiskeli pana, unakanyaga meno yote kwa pamoja. Chini zina plastiki inayozuia theluji isigande ikawa donge, maana donge likijaa chini ya mguu umerudi kuvaa kiatu kinachoteleza.

Kilele cha Cairn Gorm tulifika kama saa sita mchana. Pale parking ilikuwa nyuzi sifuri, juu ilikuwa hasi 5 na upepo kama kilomita 50 kwa saa, ukichanganya mwili unasikia kama hasi 15. Kuna kituo cha hali ya hewa pale juu cha Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, vipimo vinakaa ndani ya pipa lenye joto, kila nusu saa pipa linafunguka vinatoka vinapima upepo vinarudi ndani, maana vikibaki nje barafu inavila. Tulikuta kila kitu kimevishwa barafu yenye manyoya, inaota kuelekea upepo unakotoka, nguzo, mawe, nyaya, vyote vimeota manyoya meupe upande mmoja. Nilisimama pale nikasahau kabisa kwamba glovu zangu zimelowa tangu kwenye mazoezi. Glovu za sufu zikilowa kwenye upepo ule hazina kazi tena, vidole vilianza kuuma halafu vikaacha kuuma, kiongozi aliniona navyoshika shoka vibaya akanipa glovu zake za akiba, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, akanifanya nizungushe mikono kama feni mpaka damu irudi, na ikirudi inauma mpaka machozi. Beba jozi tatu. Sio mbili, tatu.

Tulikula ndani ya mfuko. Naomba nieleweke, ni mfuko mkubwa wa nailoni, mnaufunua wote mnaingia mnaukalia pindo lake, watu sita magoti yamegusana, na ndani ya dakika mbili tatu pumzi zetu zimepasha moto pale mpaka mtu anafungua zipu ya jaketi. Nje upepo unapiga kama unataka kuingia, ndani watu wanapeana chai ya flaski na kucheka. Kitu cha uzito wa jaketi jepesi tu kile, na yeye anasema hatoki nyumbani bila hicho wakati wa baridi. Nimeshanunua wangu.

Halafu wingu likashuka na hapa ndo kiini cha huduma yenyewe.

Sijawahi kuona weupe kama ule. Ardhi nyeupe, hewa nyeupe, hakuna mstari wa kutenganisha, unaona buti zako na mtu aliye mbele yako anaelea, ukisimama unahisi bado unatembea na ukitembea unahisi umesimama. Na upande wetu wa kulia, kaskazini, kulikuwa na ukingo wa bonde la Sneachda, miamba inayoshuka wima, na juu yake upepo umejenga ukingo mwingine wa theluji unaoning'inia hewani kupita mwamba unapoishia. Wenyewe wanaita konisi. Ukisimama juu yake unaona kama uko kwenye ardhi kumbe chini yako hakuna kitu, na inakatika nyuma zaidi ya pale unapodhania.

Yule mama akatoa ramani na dira, akapima mwelekeo ambao makusudi unatupeleka mbali kidogo na ukingo, akaanza kuhesabu hatua. Anajua hatua zake, kama 65 kwa kila mita 100 kwenye tambarare akihesabu mguu mmoja, kwenye theluji anaongeza. Mmoja wetu anatangulia mita 20, yeye nyuma anamwelekeza kwa dira, kushoto kidogo, hapo, simama, sisi tunamfikia, mwingine anatangulia. Na pale ambapo haoni ardhi inaelekea wapi anafinyanga tonge la theluji anarusha mbele. Likikaa, kuna ardhi. Likibingirika, kuna mteremko. Likipotea, hatuendi huko. Lilipotea mara moja tu, na sote tulisimama kimya, halafu tukahamia kushoto bila mtu kuuliza kitu.

Nilimuuliza kwa nini asitumie simu tu. Akasema anayo na GPS ipo ndani ya nguo karibu na mwili, ila betri kwenye baridi inashuka kutoka nusu mpaka sifuri ghafla na skrini haisikii kidole chenye glovu, kwa hiyo simu ni ya kuhakikisha, dira ndo ya kutembelea. Na uwanda ule una historia, Novemba 1971 kundi la vijana wa shule kutoka Edinburgh lilikwama kwenye dhoruba huko kusini ya tulipokuwa, sehemu inaitwa Feith Buidhe, wakiwa wanatafuta kibanda cha kujihifadhi, wakafa vijana watano na kiongozi wao msaidizi. Yeye hakutusimulia pale juu, alitusimulia jioni tumeshashuka, na mi nikashukuru kwa hilo.

Stob Coire an t-Sneachda tulipita tukagusa tu rundo la mawe. Cairn Lochan wingu likafunguka kama dakika kumi, tukaona uwanda wote kusini mpaka Ben Macdui mita 1,309, wa pili kwa urefu Uingereza nzima baada ya Ben Nevis, umelala kule kama mgongo wa mnyama mkubwa, mwanga wa jioni umeanza kuwa wa pinki. Hakuna aliyeongea. Karibu na mawe kulikuwa na ndege wawili weupe kabisa wanaitwa ptarmigan, miguu yao imeota manyoya mpaka kwenye vidole, wanatembea tu taratibu hawatujali.

Kushuka magotini niliumia, hilo sifichi. Tulifika parking saa kumi na moja kasoro, katikati ya Februari huko jua linazama saa kumi na moja na robo, tulikuwa na tochi za kichwani na hatukuziwasha. Kuna kanuni ya kukadiria muda wa kutembea mlimani, ya Naismith ya mwaka 1892, kilomita 5 kwa saa na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda, ingekupa njia hii chini ya masaa manne. Sisi tulitumia zaidi ya masaa saba na mazoezi ndani yake. Ukipanga mwenyewe usipange kwa hesabu ya kiangazi.

Mapungufu mengine. Muda na mahali pa kukutana walituma saa tatu usiku, mtu aliyekaa Inverness bila gari angefanyaje. Na mi ningependa kila mmoja wetu ashike dira walau kidogo, tuliahidiwa kwenye maelezo yao kwamba tutajifunza kusoma ramani lakini lile wingu liliposhuka ikabidi afanye yeye, namuelewa kabisa, ila basi maelezo yaandikwe vingine. Nimewaandikia ofisini kuhusu buti, wamejibu kwa heshima na barua ya sasa hivi nimeiona ina aya nzima ya B na C, kwa hiyo wanasikia. Duka la kukodisha nalo nilirudi, walinirudishia hela ya kramponi bila ubishi, jamaa wa kaunta akaomba radhi.

Kama unabuku, kwa kampuni yoyote, uliza kama kiongozi ana cheti cha Winter Mountain Leader, hicho ndo cha Uingereza cha kuongoza watu kwenye theluji, cha kiangazi hakitoshi. Uliza ni watu wangapi kwa kiongozi mmoja, sisi watano ilikuwa sawa, wakizidi sita tafuta pengine. Na kabla hujaenda tuma neno "register" kwenda 999 kwa meseji, simu yako itaweza kuomba msaada kwa meseji hata pale network ni ndogo ya kupiga. Ukipiga, unaomba polisi halafu unaomba mountain rescue, waokoaji ni watu wa kujitolea na hawakutozi kitu.

Kiongozi nampa tano kwa tano. Ofisi tatu. Nimeshabuku tena Machi, hiyohiyo kampuni, safari hii Ben Macdui, na shemeji ameomba nimwandikie namba yake ya buti kwenye fomu.